Nyungo Mbili za Mama: Safari ya Mambrui na Baiskeli Zilizotengenezwa Nyumbani



Wiki mbili zilizopita nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Mambrui kumjulia hali mjukuu wa dada yangu. Mtoto huyo ana umri wa miaka mitano. Alikuwa amepakiwa nyuma ya baiskeli akipelekwa chuoni, mguu wake ukaponyoka na kuingia ndani ya gurudumu, spoku zikamchuna kisigino. Alhamdulillahi, mfupa haukuvunjika, lakini kidonda kilikuwa kikubwa. Babake, kwa uchungu na majuto, aliapa kwamba baiskeli ile hailali tena uani kwake, ataiuza.

Dada yangu akanipigia simu. "Kaka, njoo umnasihi kijana huyu," akaniambia. "Akiiuza, watoto watakwendaje chuoni? Na binti yangu mahamri yake atayafikisha barabarani vipi?"

Nilikubali. Sikumwambia kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho anayestahili kutoa nasaha juu ya mguu wa mtoto na gurudumu la baiskeli. Sababu yake nitaieleza hapa hapa, maana safari hii ilinilazimisha kuieleza.

Anayesafiri kwa gari kutoka Mombasa hadi Malindi ana saa mbili na zaidi za kutazama dirishani. Mara nyingi huwa natazama bahari inapojitokeza, au mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyopangwa kwa mistari kama saffu za sala. Safari hii, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa kwenye baiskeli, niliona baiskeli tu. Nikastaajabu jinsi zilivyo nyingi, na jinsi ambavyo hakuna hata mbili zilizofanana.

Baiskeli hizi zetu nzito na nyeusi, ambazo watu huziita Black Mamba, hutoka kiwandani zikifanana kama mapacha. Zamani wazee wetu walizipata kutoka Uingereza, za Raleigh zilizotengenezwa mjini Nottingham. Baadaye zikaja za Hero kutoka Bara Hindi na za Phoenix kutoka China. Fremu ni ileile, gurudumu ni lilelile la inchi 28. Lakini baiskeli ikishakaa mwaka mmoja kwenye nyumba ya Mpwani, hubadilika ikawa na sura ya nyumba ile. Karibu na Mtwapa nilimwona muuza maji aliyepachika mitungi mitano ya lita ishirini: miwili kila upande na mmoja juu ya keria. Hizo ni kilo mia moja za maji, na keria ya kiwandani haikuundwa kubeba mzigo huo. Kwa hiyo ameiongezea miguu ya nondo iliyobaki kwenye ujenzi, na ubao wa kitanda umelazwa juu yake kushikilia mitungi. Mbele kidogo alipita muuza samaki, tenga lake limefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu na kufunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji. Baada ya kuvuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 na kutupumzisha na foleni za kivuko, niliona mapakacha ya nazi yakining'inia pande mbili za baiskeli iliyokuwa ikisukumwa na kijana. Kiti chake kilivikwa kipande cha mkeka, ili jua lisikichome.

Nikawaza: vyote hivi vimetoka ndani ya nyumba. Ubao wa kitanda, gunia, mkeka, godoro kuukuu, beseni lililopasuka. Mwanamume ndiye anayeonekana barabarani akiendesha, lakini nyuma ya kila kifaa kuna mama aliyesema, "Hicho chukua, hiki kiache, bado nakihitaji."

Malindi nilishuka kunyoosha miguu na kumtafuta fundi. Mji huu umezoea baiskeli tangu zamani, na kabla pikipiki hazijajaa, wageni na wenyeji tulibebwa nyuma ya baiskeli za abiria. Keria zake ziliwekwa mto mnene, na huo mto ukiupasua utakuta ni sponji la godoro lililokatwa na kushonewa kitambaa cha plastiki, pembeni pakatundikwa nyuzi za rangi. Vyuma viwili vya kukanyagia vilichomelewa karibu na kitovu cha gurudumu la nyuma, ili miguu ya abiria isining'inie. Vyuma hivyo vilikuwa ni hekima kubwa, nami nitarudi kwenye habari yake.

Nilimkuta fundi chini ya mwarobaini, mtu wa makamo kama mimi. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ambalo siku moja lilikuwa la kufulia nguo. Alikuwa ameitia pumzi tyubu, anaizamisha kipande kwa kipande akitafuta mapovu. Alipoyaona, alipakausha mahali pale, akapasugua kwa kipande cha bati alichokitoboa kwa msumari mpaka kikawa kama kikwaruzo cha muhogo, akapaka gundi, akasubiri ikauke kidogo, kisha akabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu nyingine iliyokufa. Tairi nalo lilikuwa limepasuka ubavuni. Ndani yake alilaza kipande cha gunia la nailoni lililokunjwa mara mbili, tyubu isichungulie nje.

Kando yake alikaa mnoa visu. Huyu baiskeli yake ameigeuza kiwanda. Akiisimamisha juu ya stendi, gurudumu la nyuma huinuka kutoka ardhini. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu huunganisha gurudumu hilo na jiwe la kunolea lililofungwa juu ya fremu. Akikanyaga pedeli, baiskeli haiendi popote, ila jiwe linazunguka kwa kasi na cheche zinaruka. Akimaliza mtaa mmoja anaishusha stendi na kuiendesha mpaka mtaa wa pili.

Nilimwuliza fundi vifaa vyake huvipata wapi. Akacheka. "Sheikh, mimi ninacho kichwa na spana tu. Vifaa viko majumbani kwenu."

Maneno yake yalinikumbusha habari ya mtu mmoja wa mji wa Belfast aliyeitwa John Boyd Dunlop. Alikuwa daktari wa mifugo, hakuwa mtengenezaji wa magari. Mwanawe alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu yenye matairi magumu, ikimtikisa sana juu ya mawe ya barabara. Mwaka 1887 baba yule alichukua mpira mwembamba, akautengeneza kuwa mrija, akaufunga kwenye gurudumu kwa kitambaa cha kitani, akautia pumzi kwa pampu ya mpira wa miguu. Mwaka uliofuata akapata hataza yake. Zaidi ya miaka arubaini kabla yake kulikuwa na mwingine aliyewahi kubuni jambo kama hilo, lakini halikuendelea. Hili la Dunlop ndilo lililoenea duniani. Basi tairi la upepo tunaloliona la kiwandani lilienea kutokana na baba aliyekuwa uani kwake, akimhurumia mwanawe. Anayemdharau mzazi wa Mambrui aliyefunga kipande cha godoro kwenye keria, ajue kwamba anadharau ada ya zamani.

Kutoka Malindi nilipanda matatu. Ukivuka daraja la mto Sabaki, maji yake ya udongo mwekundu yanakwenda kuipaka bahari rangi, unaendelea kidogo, kisha unaiacha barabara kuu na kugeuka kulia kuelekea pwani. Hapo ndipo Mambrui, mji wa kale wenye misikiti na makaburi ya wazee. Liko kaburi maarufu la mnara ambalo waliolijenga walilipamba kwa bakuli za Kichina, wakazipachika ndani ya chokaa ya ukuta. Kila ninapolizuru huwaza juu ya bakuli zile. Zilitengenezwa za kulia chakula, zikavuka bahari, na watu wetu wakaona zinafaa kwa kazi nyingine. Mababu hao hao waliunda mitepe, vyombo vya bahari ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma. Kukichukua kilichopo na kukipa kazi mpya ni jambo tulilolirithi.

Nilimkuta mgonjwa wetu barazani, mguu umefungwa bendeji, anakula embe. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani kama mshtakiwa. Nikaikagua. Juu ya keria palikuwa na kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, ambacho ndicho alichokalia mtoto. Kilikuwa na ufa mrefu chini, kwa kuwa plastiki ikikaa juani miaka mingi hukauka na kuvunjika kama papai bichi. Kilifungwa kwa kamba moja tu, hivyo kiliyumba. Hapakuwa na mahali pa mtoto kukanyaga. Na gurudumu lilikuwa wazi pande zote mbili.

Babake alikuja akanisalimu kwa adabu, akainamisha kichwa. "Mjomba, mimi sina la kusema. Kile kiti nilikifunga mwenyewe. Naiuza."

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoa nasaha. Badala yake nikaeleza yafuatayo, na dada yangu alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza.

Tulipokuwa watoto Malindi, baba alikuwa na Raleigh moja iliyotumika kwa kila kazi. Mtoto wa jirani aliumia mguu kwenye gurudumu la baiskeli yao, na mama yetu alipoona kidonda kile hakulala. Asubuhi alitwaa nyungo zake mbili za kupepetea mchele, alizozisuka kwa mkono wake, akazitoboa katikati kwa kadiri ya kitovu cha gurudumu, akazifunga moja huku na moja huku kwa kamba ya makumbi, akizishikiza kwenye vijiti vya madigadi. Kuanzia siku ile, mguu wa mtoto haukuwa na njia ya kufika kwenye spoku, wala buibui la mama halikuwa na njia. Alikaa miezi akipepetea mchele kwa sinia kabla hajasuka ungo mwingine.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yangu ilikuwa kumpakia dada yangu mdogo wa miaka sita na kumpeleka chuoni. Wavulana wenzangu walipotuona walicheka. "Wapepeta mchele wapita!" walituitia. Nikaona haya. Nikawa kila asubuhi, tukishapita kona ya nyumba yetu, nazifungua kamba, nazificha nyungo nyuma ya ukuta, na tukirudi nazifunga tena. Siku moja fundo lilikataa kufunguka na tulikuwa tumechelewa. Nikatoa wembe wangu wa kuchongea penseli nikazikata kamba. Siku hiyo, kabla hatujafika, mguu wa dada yangu uliingia kwenye gurudumu. Mpaka leo akitembea mwendo mrefu utaona mguu wake wa kushoto unachelewa.

Nilipoulizwa, nilisema kamba zimekatika zenyewe.

Mama aliamini. Mama ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ususi wake, aliishi akijua kwamba fundo lake ndilo lililomlemaza bintiye. Mara nyingi nilimsikia akisema, "Laiti ningefunga mara mbili." Nami nilikuwa nikimsikia na kunyamaza. Nilisoma, nikafundisha, nikasimama mbele za watu nikizungumzia ukweli, na mama akafariki nikiwa bado sijamwambia.

Barazani palikuwa kimya. Kisha dada yangu akasema, bila kuinua sauti: "Kaka, mimi nilikuona ukizikata. Nilikuwa na miaka sita, lakini macho nilikuwa nayo."

"Mbona hukusema?"

"Baba angekupiga. Halafu mimi ningepelekwa chuoni na nani?"

Nilimwomba msamaha mbele ya mkwewe na mjukuu wake. Akaniambia amenisamehe zamani, ila hilo la mama ni langu na Mola wangu, nimwombee. Kisha akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amebeba wavu wa nailoni wa marehemu mumewe, aliyekuwa mvuvi, wavu alioutunza stoo miaka mingi. Akamwambia kijana, "Huuzi kitu. Leta msumari na nyundo."

Kazi ile ilituchukua kuanzia baada ya Adhuhuri mpaka karibu na Magharibi, tukapumzika kwa sala ya Alasiri. Naieleza kwa kirefu kwa sababu kila nyumba inaweza kuifanya.

Kwanza tulitoboa vitundu vidogo kwa msumari kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, upande huu na huu, kimoja kila baada ya upana wa vidole viwili. Karibu na kitovu cha gurudumu tulifunga pete ya waya mnene, tukaishikiza kwenye fremu na kwenye vijiti vya madigadi, isiguse kabisa gurudumu linalozunguka. Dada yangu akaushona wavu kutoka kitundu hadi kwenye pete, akiuvuta ukakaza kama ngozi ya ngoma. Nimeona picha za baiskeli za zamani za wanawake wa Ulaya, zilizofumwa nyuzi namna hiyo hiyo ili magauni marefu yasinaswe. Mvuvi wa Mambrui na mwanamke wa Ulaya wangeelewana hapo.

Lakini tundu la wavu hupitisha kidole cha mtoto. Kwa hiyo juu ya wavu, mahali unapofika mguu wake, tulifunga kipande kilichokatwa ubavuni mwa mtungi wa maji uliopasuka, kingo zake tukazisugua kwenye jiwe zisikate. Chini yake tukaweka kibao cha kukanyagia, na juu ya kibao mkanda wa kushika kila mguu, tulioukata kwenye kandambili kuukuu. Kiti kile cha plastiki tulikitupa. Mahali pake tukapachika kiti kidogo cha mbao chenye mgongo na mikono, tukakifunga kwa vipande vipana vya tyubu sehemu nne, kila sehemu mara mbili. Dada yangu ndiye aliyesisitiza hizo mara mbili.

Wazazi wenzangu, hasa akina mama, niwaachie maneno machache niliyoyapata kwa fundi wa Malindi na kwenye uwanja ule wa Mambrui.

Vifaa vya nyumbani havilingani. Godoro, wavu, mbao na mtungi vinafaa. Kandambili ikiwekwa mahali pa raba ya breki haifai hata kidogo. Ikilowa maji huteleza, na mteremko hausubiri. Kama raba za dukani hazipatikani, kipande cha tairi la gari ni afadhali, na hata hicho kijaribiwe kwanza kwa kusukuma baiskeli kwa mkono. Mafuta ya nazi yanafaa kupakwa kwenye fremu kuzuia kutu ya hewa ya bahari, lakini usiyatie kwenye mnyororo, maana hushikana na mchanga na kuula. Anayevaa buibui na kupanda nyuma akusanye pindo lake kabla baiskeli haijaondoka, hata kama gurudumu limekingwa. Na kila kilichofungwa kwa kamba au kwa mpira kikaguliwe kila wiki. Nasi tunayo Ijumaa, basi iwe siku ya kukagua.

Na lililo zito kuliko yote: msiwafundishe watoto kuona haya kwa kitu kilichotengenezwa nyumbani. Tumesoma kwamba Mtume (SAW) alikuwa akivishona viatu vyake na kuzitia viraka nguo zake mwenyewe. Mtoto akija nyumbani akasema wenzake wamecheka, msimpuuze, wala msimkaripie akanyamaza. Mketisheni, mwambieni kile kitu kimewekwa kwa ajili ya nani. Mimi hakuna aliyenieleza, na sikuuliza. Haya yangu ya asubuhi moja imebebwa na mguu wa dada yangu na moyo wa mama yangu kwa miaka zaidi ya arubaini.

Nilipoondoka Mambrui asubuhi ya pili, baiskeli ilikuwa imekwisha kutoka. Binti wa dada yangu alikuwa ameichukua kwenda kuuza mahamri barabarani, kapu mbele, kiti cha mtoto kitupu nyuma kikingoja kidonda kipone. Wavu wa mvuvi uling'aa kwa umande. Nilisimama kituoni nikaitazama mpaka ikapotea kwenye minazi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu na mama zenu waliotangulia, na awahifadhi watoto wetu njiani. Fundo lake halikukatika. Nimeona niseme hivyo mbele yenu, kwa kuwa sikusema mbele yake.

Wabillahi tawfiq.